MAKOBOLA MBELE YA MAHAKAMA ZA DUNIA: Jinsi hukumu za kimataifa zinavyoazimana hoja katika mashauri ya Kongo ya Mashariki

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi mahakama za kimataifa zinavyosikilizana, yaani jinsi hukumu iliyotolewa katika mji mmoja inavyoingia katika hukumu ya mji mwingine na kuiathiri. Mifano yetu tumeichota katika mashauri yaliyotokana na vita vya Kongo ya Mashariki. Kipimo chetu kitakuwa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, kuanzia bonde la Ruzizi kupitia Uvira hadi Makobola, Fizi na Baraka, kwa sababu ni katika mwambao huu ambapo uwezo wa mahakama hizo, na mipaka ya uwezo huo, vinaonekana wazi kuliko pengine.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini suala la kisheria lijadiliwe katika jarida la taaluma za Kiswahili. Jibu ni kwamba hukumu, kabla ya kuwa jambo lolote jingine, ni matini. Hutungwa kwa maneno, hunukuu matini zilizoitangulia, na hunukuliwa na zitakazoifuata. Neno moja likihama kutoka hukumu hii kwenda hukumu ile hubeba maana yake ya zamani au huvishwa maana mpya, na kutokana na mabadiliko hayo mtu hufungwa au huachiwa, na kijiji hulipwa fidia au husahauliwa.

Ikumbukwe kwamba mahakama za kimataifa hazina ngazi moja inayoziunganisha. Mtu aliyeshindwa katika tribinali ya Uvira anaweza kukata rufaa juu zaidi. Lakini Mahakama ya Kimataifa ya Haki, yenye makao The Hague, si mkubwa wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyo katika mji huohuo, wala haiamuru Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliyoko Arusha. Tena, kifungu cha 59 cha Sheria ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kinasema kwamba hukumu yake huwafunga wenye shauri peke yao, na kwa shauri hilo tu. Kwa hiyo mahakama moja inapoifuata nyingine haifanyi hivyo kwa kuamrishwa, bali kwa kushawishika.

Hoja tutakayoitetea ni hii: mahakama huazimana mambo matatu, nayo ni ukweli uliothibitishwa, istilahi, na vipimo vya fidia. Kuna jambo la nne ambalo haziwezi kuazimana, nalo ni mamlaka ya kusikiliza shauri. Watu wa Makobola wamekwama katika jambo hilo la nne.

2. Kongo mahakamani kabla ya Wakongo

Kongo iliingia katika mahakama ya dunia mapema. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulilitangaza bonde la Kongo kuwa eneo la biashara huria, na mipaka ya bonde hilo kama ilivyoandikwa katika mkataba ililijumuisha Ziwa Tanganyika pamoja na mito inayoingia kutoka mashariki. Kanuni hizo zilipitiwa upya mwaka 1919 katika mkataba wa Saint-Germain. Mwaka 1931 serikali ya Ubelgiji ililipunguzia nauli shirika la usafiri wa mtoni lililokuwa chini yake, naye Oscar Chinn, Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara ya usafirishaji Léopoldville, akalalamika kwamba biashara yake imekufa. Uingereza ilimtetea mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, iliyokuwa mama wa Mahakama ya Haki ya leo. Tarehe 12 Desemba 1934 Ubelgiji ilishinda kwa kura 6 dhidi ya 5.

Shauri hilo lilihusu mto wa Wakongo, lakini Mkongo hakuwamo kama mdai wala kama mdaiwa. Hata hivyo lilizaa wazo lililoishi kuliko lenyewe. Jaji Schücking, mmoja wa wale walioshindwa katika kura, aliandika kwamba mahakama haiwezi kamwe kuutumia mkataba ambao masharti yake yanakwenda kinyume na maadili ya watu wote. Wazo hilo, kwamba zipo kanuni ambazo hakuna dola inayoweza kuzipangua kwa mkataba, lilikaa pembeni kwa miongo mingi. Tutalikuta tena mwaka 2006, na kwa mara nyingine katika shauri la Kongo.

3. Milango miwili ya mwaka 1999

Vita vya pili vya Kongo vilianza Agosti 1998, na muda si mrefu Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD na majeshi ya kigeni yaliyowaunga mkono. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na siku za mwanzo za Januari 1999 raia waliuawa kwa wingi Makobola, kusini mwa mji wa Uvira, kando ya ziwa.

Serikali ya Kongo ilibisha hodi katika milango miwili. Mwanzoni mwa 1999 ilipeleka malalamiko dhidi ya Burundi, Rwanda na Uganda katika Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao Banjul. Malalamiko hayo yaliitaja Makobola kwa jina, pamoja na idadi ya watu 612 waliodaiwa kuuawa pale. Kisha, tarehe 23 Juni 1999, Kongo ilizishtaki nchi hizohizo tatu katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki.

Milango hiyo haikufunguka sawasawa. Kamisheni ya Banjul ilitoa uamuzi wake Mei 2003. Ilisema kwamba mauaji, ubakaji na vitendo vingine vya kikatili vilivyofanywa wakati majeshi ya nchi hizo tatu yalipokuwa yameikalia mikoa ya mashariki vilivunja Mkataba wa Afrika. Ikataka majeshi yaondoke, na ikapendekeza fidia ya kutosha ilipwe. Ili kufikia hapo, Kamisheni ilitumia vifungu vya 60 na 61 vya Mkataba huo, vinavyoiruhusu kuchota katika sheria za kimataifa kwa jumla, na kwa njia hiyo ikazileta sheria za vita za Geneva ndani ya shauri la haki za binadamu. Huo ulikuwa uamuzi wake wa kwanza katika ugomvi wa dola na dola. Ila Kamisheni hupendekeza tu. Haina nguvu ya kushurutisha.

Huko The Hague mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 2001 Kongo iliyaondoa mashtaka dhidi ya Burundi na Rwanda, ikabakiza yale ya Uganda. Mwaka 2002 iliishtaki Rwanda upya, lakini tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ya Haki ilijitangaza kuwa haina mamlaka ya kulisikiliza shauri hilo. Rwanda haikuwa imekubali kushtakiwa pale, na katika Mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari ilikuwa imeweka sharti la kujitenga na kifungu kinachoipa Mahakama hiyo mamlaka. Ni katika hukumu hiyohiyo Mahakama ilipotamka kwa mara ya kwanza kwamba katazo la mauaji ya kimbari ni kanuni isiyopanguliwa. Wazo lililokuwa la jaji mpinzani mwaka 1934 sasa lilikuwa neno la Mahakama nzima. Lakini papo hapo Mahakama ikaongeza kwamba uzito wa kanuni ni jambo moja, na mamlaka ya kusikiliza shauri ni jambo jingine. Kwa jamaa za waliouawa sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyoamua.

4. Mambo matatu yanayoazimwa

4.1 Ukweli uliothibitishwa

Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Haki iliamua kwamba Uganda iliikalia Ituri kijeshi, ikavunja sheria za vita na za haki za binadamu, na haikuuzuia uporaji wa mali ya Kongo. Mwaka mmoja na ushei baadaye, tarehe 29 Januari 2007, majaji wa hatua ya awali wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walikuwa wakithibitisha mashtaka dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri aliyeshtakiwa kuwaingiza watoto vitani. Swali lilikuwa kama vita hivyo vilikuwa vya kimataifa au vya ndani. Majaji waliiegemea hukumu ya 2005: kwa kuwa ilikwisha kuthibitika kwamba Uganda iliikalia Ituri, wakasema vita vilikuwa vya kimataifa hadi tarehe 2 Juni 2003.

Mwendo wa kurudi nao upo. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Haki ilipokuwa ikikadiria fidia ambayo Uganda iilipe Kongo, ilizirejea hukumu za Mahakama ya Jinai kuhusu Ituri, hasa katika suala la watoto askari. Ukweli uliotoka katika mahakama ya dola ukaenda katika mahakama ya watu binafsi, kisha ule wa mahakama ya watu binafsi ukarudi kuisaidia mahakama ya dola.

4.2 Istilahi

Mfano mzuri wa istilahi iliyohama ni neno udhibiti. Mwaka 1986, katika shauri la Nikaragua dhidi ya Marekani, Mahakama ya Haki ilisema kwamba dola haiwezi kubeba lawama ya matendo ya waasi inaowasaidia isipokuwa iwe na udhibiti halisi juu ya operesheni zenyewe. Mwaka 1999 Mahakama ya Jinai kwa ajili ya Yugoslavia ya zamani, katika rufaa ya Tadić, iliona kipimo hicho ni kikali mno. Ikasema udhibiti wa jumla watosha: kupanga, kugharimia na kuratibu, bila kuamuru kila tendo. Mwaka 2007, katika shauri la Bosnia dhidi ya Serbia, Mahakama ya Haki ilipokea kwa heshima ukweli uliothibitishwa na mahakama ya Yugoslavia kuhusu Srebrenica, lakini ikakikataa kipimo chake cha udhibiti kwa mashauri ya lawama ya dola. Yaani ilikubali kuazima ukweli, ikakataa kuazima neno.

Ugomvi huo haukubaki Ulaya. Katika hukumu ya 2005 Mahakama ya Haki ilikifuata kipimo chake kikali, ikaona haikuthibitika kwamba waasi wa MLC walikuwa chini ya udhibiti wa Uganda. Kinyume chake, tarehe 14 Machi 2012, majaji waliomhukumu Lubanga walitumia udhibiti wa jumla, neno la Tadić, na hata hivyo wakaona haikuthibitika kwamba Uganda au Rwanda ziliwadhibiti wapiganaji wake. Wakaigeuza tafsiri ya 2007, wakasema vita alivyoshiriki Lubanga vilikuwa vya ndani.

Kwa mwambao wa Tanganyika jambo hili si mchezo wa wanasheria. Tangu Agosti 1998 hadi 2003 Uvira ilitawaliwa kwa jina la RCD. Iwapo mauaji fulani yalifanywa na RCD peke yake, au pamoja na majeshi ya kigeni, au kwa amri yao, ni swali linalotegemea neno udhibiti. Neno likikazwa, anayejibu ni muasi asiye na hazina. Likilegezwa, anayejibu ni dola.

4.3 Vipimo vya fidia

Shauri la Ahmadou Sadio Diallo linafaa kutajwa hapa, kwani ndani yake Kongo ilikuwa mdaiwa. Diallo, mfanyabiashara wa Gine aliyeishi Kongo tangu 1964, alikamatwa akafukuzwa nchini Januari 1996. Katika hukumu ya tarehe 30 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ilisema ni lazima iupe uzito mkubwa ufafanuzi wa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na ikayataja maamuzi ya Kamisheni ya Banjul inapofafanua Mkataba wa Afrika. Kwa chombo kisicho na nguvu ya kushurutisha, kutajwa hivyo na mahakama kongwe kuliko zote ni jambo kubwa. Tarehe 19 Juni 2012 Kongo iliamriwa kuilipa Gine dola 95,000 kwa madhara ya Diallo, na ili kufikia hesabu hiyo Mahakama ilipima mazoea ya mahakama za haki za binadamu za Ulaya na za Amerika. Jaji Greenwood alieleza katika maoni yake kwamba sheria ya kimataifa ni mfumo mmoja, na kwamba kila mahakama inaweza na inapaswa kuchota katika hukumu za wenzake, ingawa haifungwi kuzifuata.

Miaka kumi baadaye mazoea hayo yaliifaa Kongo yenyewe. Kongo ilikuwa ikidai zaidi ya dola bilioni 11 kutoka kwa Uganda. Kwa kuwa ushahidi wa kila kifo haukuweza kupatikana, Mahakama ilifuata mfano wa Tume ya Madai ya Eritrea na Ethiopia, ikatoa jumla moja kwa kila kundi la madhara: dola milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa maliasili. Jumla ni milioni 325, zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022.

5. Pengo la Makobola

Sasa tuiweke Makobola mbele ya kila mlango. Mahakama ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha hadi 2015, ilipewa matendo ya mwaka 1994 tu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai haigusi matendo yaliyofanyika kabla ya tarehe 1 Julai 2002. Mahakama ya Haki ilijitoa katika shauri la Rwanda, na lile la Burundi lilikuwa limekwisha kuondolewa. Fidia ya 2022 ni ya madhara yaliyosababishwa na Uganda, na eneo lililoikaliwa na Uganda lilikuwa Ituri. Inabaki Kamisheni ya Banjul, iliyoona kosa lakini haiwezi kumtoza mtu.

Wala si kwamba ukweli umekosekana. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010, iliyoorodhesha matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, inaitaja Makobola na kusema waliouawa walizidi 800. Tofauti kati ya 612 na 800 si ndogo, ni watu. Lakini hakuna jaji aliyepewa mamlaka ya kuuliza idadi ipi ni sahihi. Ripoti hiyohiyo ilisaidia kuipatia Kongo fidia ya Ituri mwaka 2022. Kitabu kimoja kimefunguka katika ukurasa mmoja na kufungwa katika mwingine. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka; huku ziwani, hata fimbo iliyo karibu haikupata mkono wa kuishika.

6. Hukumu zinaporudi ziwani

Hata hivyo ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba mahakama za mbali hazikuacha alama yoyote katika mwambao huu. Usiku wa mwaka mpya wa 2011 wanawake wengi walibakwa na askari katika mji wa Fizi. Mahakama ya kijeshi inayotembea ilikwenda Baraka, na Februari mwaka huohuo ikamhukumu luteni kanali aliyewaongoza askari hao kifungo cha miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Maneno hayo, makosa dhidi ya ubinadamu, yalitoka katika Mkataba wa Roma ulioiunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambao mahakama za kijeshi za Kongo zilianza kuutumia moja kwa moja tangu katikati ya miaka ya 2000. Na kabla ya hapo, kwamba ubakaji unaweza kuwa miongoni mwa makosa makubwa kabisa katika sheria ya kimataifa lilikuwa jambo lililofafanuliwa Arusha tarehe 2 Septemba 1998 katika hukumu ya Akayesu, aliyekuwa burugumestri wa Taba. Safari ya hoja hiyo ilianzia Arusha ikapita The Hague, na mwisho ikafika Baraka, ambako ilimfunga ofisa mbele ya wanawake waliotoa ushahidi.

Mlango mwingine umefunguka karibuni. Agosti 2023 Kongo iliishtaki Rwanda mbele ya Mahakama ya Afrika huko Arusha kuhusu matukio ya Kivu ya Kaskazini. Rwanda ilitoa pingamizi za awali, lakini tarehe 26 Juni 2025 Mahakama ilizitupa, ikasema ina mamlaka na shauri linasikilizika. Lile lililokosekana The Hague mwaka 2006 limepatikana Arusha miaka kumi na tisa baadaye, kati ya nchi mbili zilezile. Shauri hilo si la Makobola. Lakini majaji watakapofika katika kiini chake watalikuta swali la udhibiti likiwangoja, pamoja na uamuzi wa Banjul wa 2003, na lolote watakaloamua litasomwa katika mashauri yatakayofuata. Desemba 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Uvira kwenyewe. Haja ya kujua ni nani anayejibu kwa matendo ya nani haijawa historia katika mji huu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mahakama za kimataifa husikilizana kuliko watu wengi wanavyodhani, na kwamba Kongo ni mojawapo ya mahali zilipojifunza kusikilizana. Tumeona pia kwamba kusikilizana huko kuna mpaka: hoja inaweza kuvuka kutoka mahakama hii hadi ile, mamlaka hayavuki.

Tunatoa mapendekezo mawili kwa wataalamu wa Kiswahili. La kwanza ni la istilahi. Baadhi ya mashahidi wa Ituri walisema kwa Kiswahili mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na Umoja wa Afrika umekipa Kiswahili nafasi miongoni mwa lugha zake rasmi. Ilhali mwananchi wa Uvira anaposema tribinali na parke, hana bado maneno yaliyokubalika ya kutofautisha udhibiti halisi na udhibiti wa jumla, wala kuieleza kwa usahihi hali ya nchi kukaliwa na jeshi la kigeni. Shahidi asiye na neno hutafsiriwa kwa neno la mkalimani, na tumekwisha kuona neno moja linaweza kubadili nini.

La pili ni la kumbukumbu. Hukumu huazima tu kilichoandikwa. Ushahidi wa wazee wa Makobola, Kasika na Lemera ukinakiliwa leo katika lugha waliyoyaona na kuyasimulia mambo hayo, pamoja na majina ya mahali na tarehe, utakuwa tayari siku jaji mwenye mamlaka atakapopatikana. Kama haukunakiliwa, siku hiyo itawakuta mashahidi wamekwisha kufa, na mahakama italazimika kukisia idadi ya watu ambao jamaa zao walizijua sura zao.